Chekechea Iliyosambazwa Nchi Nzima

Kulikuwa na nchi moja iliyowapenda watoto wadogo kuliko nchi zote za jirani. Iliwapenda hasa kwenye hotuba. Rais hakuwahi kufungua daraja wala kiwanda cha soda bila kuwataja, na siku ya sherehe za taifa walipangwa juani tangu asubuhi ili wapendwe kwa pamoja. Na ili mapenzi hayo yapate anwani, iliundwa Wizara ya Malezi ya Awali na Ufikiaji, ikapewa jengo refu, lifti moja iliyopanda bila kushuka, na waziri, Mheshimiwa Kombo Tambuu.

Mheshimiwa Tambuu alikuwa msemaji. Alihutubia mikutano, alihutubia misiba, na waliokuwa karibu naye walisema kwamba asubuhi, kabla hajapata watu, alihutubia mswaki. Neno la mwisho katika jina la wizara yake, yaani Ufikiaji, lilikuwa na mwenyewe: Mkurugenzi Nasibu Kilangi, mtu mwembamba, mpole, mwenye mwandiko mzuri, aliyeamini kwa moyo wote kwamba jambo likishaandikwa vizuri limebaki kidogo tu kuwa kweli.

Kazi ya Nasibu ilikuwa kuhakikisha kila mtoto nchini anafikiwa na chekechea. Chekechea zenyewe zilikuwa za kutafuta kwa tochi, na kujenga ilikuwa kazi ya Wizara ya Ujenzi, ambayo haikuwa ikisalimiana na wizara yake kwa sababu ya ugomvi wa mahali pa kuegesha magari. Nasibu akakaa, akafikiri, akapata ufumbuzi. Mtoto, aliandika, atahesabiwa kuwa amefikiwa iwapo nyumbani kwao kunaonekana kibao kinachoelekeza chekechea ilipo. Vibao vikachongwa. Vikasimikwa kila njia panda, vya kijani, vyenye mshale mweupe na picha ya mtoto anayecheka. Kabla mvua za masika hazijakatika ufikiaji ulikuwa umepanda hata mchoro wake ukatoka nje ya karatasi, na mchoraji akaumalizia ukutani.

Ilisemekana mama mmoja wa wilaya ya kusini alivifuata vibao hivyo na mtoto mgongoni, kibao hadi kibao, akazunguka mlima mzima, akatokea kwenye kibao cha kwanza nyuma ya jiko lake. Alilalamika. Nasibu alimjibu kwa adabu zote, akamshukuru kwa kuthibitisha kwamba vibao vya taifa vimeungana na havina mahali vilipokatika.

Yeye mwenyewe hakuwa na shida ya chekechea. Alikuwa na binti mmoja, Mwantumu, waliyemwita Tumu, wa miaka mitatu, mwenye mashavu makubwa na maswali makubwa zaidi. Kila asubuhi alimpeleka mtaani hapo hapo, uani kwa Bi Chausiku. Huyu alikuwa mjane wa makamo, mwenye sauti nzito na kikopo cha tumbaku ya kunusa kilichofungwa kwenye upindo wa kanga. Kina mama wa mtaa, wauza samaki, washonaji, na mke wa Nasibu, Hidaya, aliyekuwa mkunga hospitali kuu, walimwachia watoto wao wakaenda kutafuta riziki. Chini ya bati la Bi Chausiku watoto walikunywa uji wa ulezi, wakaimba, wakapigana, wakapatanishwa kwa kofi la mgongo lisilouma, wakalala. Kwa lugha ya wizara, hiyo haikuwa chekechea. Ilikuwa mkusanyiko.

Asubuhi moja Nasibu alifika na Tumu mkononi akakuta lango limepigwa alama ya X nyekundu, kubwa, rangi bado inachuruzika. Kina mama walikuwa wamesimama nje na watoto wao. Bi Chausiku alikuwa amekaa kwenye kigoda, mikono kifuani.

"Kulikoni, Bi Chausiku?"

"Wameniletea rangi, Baba Tumu. Bure kabisa. Ila mie nilikuwa naitaka ya dirishani."

Mkuu wa Kikosi cha Rangi, kijana mwenye ndoo na brashi, alikuwa akisoma sababu kwa sauti. Uwanja hauna mlingoti wa bendera. Hauna lango la pili la wageni mashuhuri. Gari la zimamoto haliwezi kugeuza humo. Mlezi hana stashahada ya kulea, na uji wake haujapitishwa. Kwa hiyo, kwa kuzingatia maslahi mapana ya mtoto, mkusanyiko unavunjwa.

Nasibu aliitambua sentensi hiyo. Maneno yale "maslahi mapana" yalikuwa yake. Alipoyaandika alianza na "makubwa", akashinda alasiri nzima akipima, mwisho akaona "mapana" lina heshima zaidi.

"Nani kaandika upuuzi huu?" aliuliza mama mmoja aliyebeba beseni la samaki.

"Ni waraka wa wizara," alisema Nasibu kwa sauti ndogo.

"Wizara ipi?"

"Ya... ya Malezi."

Bi Chausiku akamkazia macho. "Si ndiyo unayofanyia kazi, Baba Tumu?"

"Mimi niko upande wa Ufikiaji."

"Basi," alisema Bi Chausiku, akaushika mkono wa Tumu akamrudishia baba yake, "mfikie mwanao."

Hidaya alikuwa zamu, na kazi yake haikuwa ya kuombewa ruhusa, kwa kuwa waliokuwa wakizaliwa hawakusubiri. Nasibu hakuwa na la kufanya ila kwenda na mtoto kazini. Langoni mwa wizara alisimamishwa na mlinzi, Koplo Mashaka, mtu mnene mwenye huruma na kanuni kwa vipimo sawa.

"Mkurugenzi, mtoto haruhusiwi. Hii ni wizara ya watoto."

"Najua, Koplo. Lakini sina pa kumwacha."

"Aingie kama nani sasa? Humu wanaingia wafanyakazi, wakandarasi na wataalamu kutoka nje."

"Nataka kukojoa," alisema Tumu.

"Mtaalamu," aliamua Koplo Mashaka upesi, akamvika shingoni beji iliyomfika magotini.

Kulikuwa na kikao. Kamati ya Tafsiri, chini ya Profesa Ngwame, ilikuwa kwa miaka kadhaa ikitafuta jibu la swali la msingi, yaani mtoto ni nini, ili sera ipate pa kuanzia. Mambo yalikuwa yakienda vizuri. Neno "ni" lilikuwa limeshapita bila kupingwa. Nasibu alipoingia ameshika mkono wa Tumu, kamati nzima ikamgeukia, baadhi wakainua miwani.

"Huyo ni nani?" aliuliza Profesa.

"Ni mtoto, Mwenyekiti."

"Tusiitangulie kamati," alisema Profesa kwa upole.

Hapo hapo kabati la mafaili likalia. Lililia kilio cha kweli, cha njaa, na Bi Tausi mpiga chapa akainuka kwa aibu, akafungua mlango wa chini, akatoa kitoto kilichokuwa kimelazwa juu ya mipango ya miaka mitano. Rangi, kumbe, ilikuwa imepita mji mzima. Mhasibu alikuwa na wake chini ya meza, dereva wa waziri alikuwa na wawili kwenye gari la waziri, na wengine, kwa kukosa mahali, walikuwa wakipandishwa na lifti na kuteremshwa kwa ngazi tangu asubuhi, wakifurahi kuliko watu wote ndani ya jengo.

Nasibu alitoka kikaoni hajui aweke wapi uso. Akateremka na binti yake hadi ghorofa ya chini, kwenye Ukumbi wa Mfano. Huo ulikuwa fahari ya wizara. Ndani yake mlikuwa na chekechea kamili ya kuonyeshea wageni: viti vidogo vya rangi rangi, bembea, vibweta vyenye herufi, vitanda vya kulala mchana, vyote vikiwa bado kwenye nailoni zake, vimezungushiwa kamba na tangazo, USIGUSE. Tumu, ambaye alikuwa hajajua kusoma, akapita chini ya kamba akaketi kwenye kiti cha njano. Nailoni ikalia kwachu.

Nasibu alifungua kinywa amkataze. Akatafuta kifungu. Alikuwa ameandika kanuni za nani atausafisha ukumbi ule, nani atautazama, nani atapigwa picha mbele yake; ya mtu wa kukaa haikuwahi kumpitia akilini. Akafunga kinywa, akatazama jinsi miguu ya mwanawe ilivyogusa sakafu sawasawa, kwa kuwa kiti kilikuwa cha kimo chake. Akainama, akaanza kuchana nailoni.

Adhuhuri watoto wote wa wizara walikuwa ukumbini. Kesho yake Bi Chausiku aliletwa na gari la waziri, akaajiriwa kwa cheo cha Mfagizi wa Muda, maana cheo cha mlezi kilidai stashahada. Alizunguka ukumbi mikono nyuma, akatazama kila kona.

"Pazuri," alisema. "Pana kasoro moja tu, pasafi mno."

Kasoro hiyo ilirekebishwa siku hiyo hiyo.

Mheshimiwa Tambuu alikuwa nchi ya baridi, kwenye kongamano la ufikiaji, kwa hiyo mambo yaliendelea vizuri. Kina mama wa sokoni walisikia, wakaleta wao. Koplo Mashaka aliishiwa beji. Nchi haikuwahi kupata wataalamu wengi kiasi kile. Nasibu alizoea kuteremka saa nne kwenye uji. Alijifunza kufuta kamasi kwa upande wa kitambaa ulio mkavu, na kuamua kesi ya bembea bila kuunda kamati. Siku moja akagundua kwamba hajaandika waraka wowote kwa siku nyingi na wala haumwi.

"Umenenepa," Hidaya alimwambia nyumbani.

"Ni uji."

"Na unacheka."

"Ni uji," alisema Nasibu.

Kisha waziri akarudi, na hakurudi peke yake. Alikuja na wageni kutoka mashirika makubwa ya dunia, wenye suti na kalamu, akawapeleka moja kwa moja Ukumbi wa Mfano awaonyeshe viti. Mlango ulipofunguliwa walikuta kelele, harufu ya ulezi, na mtoto mmoja amesimama juu ya meza bila suruali anaimba wimbo wa taifa kwa maneno yake mwenyewe. Nasibu, aliyekuwa na bakuli mkononi, alijua kazi imeota mbawa.

Lakini Mheshimiwa Tambuu hakuwa mtu wa kushtushwa na ukweli. Alivuta pumzi.

"Wageni waheshimiwa," alianza, "kama mnavyojionea wenyewe, serikali yangu haizungumzi. Inatenda! Nilipomwona mtoto wa kwanza katika nchi hii, nilisema moyoni, huyu atahitaji kiti! Na leo, mabibi na mabwana, kiti hicho hapo, na mtoto huyo hapo, na juu yake..." Akaendelea mpaka mgeni mmoja akalia, ingawa yawezekana ni kwa kusimama muda mrefu.

Walipoondoka alimkumbatia Nasibu na bakuli lake.

"Mkurugenzi! Umefanya jambo kubwa. Sasa lisibaki kwa wachache. Hii chekechea lazima ifike nchi nzima."

Moyo wa Nasibu ukaruka. "Tujenge nyingine, Mheshimiwa?"

"Nani kataja kujenga? Kujenga ni kwa wale jamaa wa maegesho. Nimesema ifike nchi nzima. Hii hii. Isambaze."

Nasibu hakuelewa mpaka malori yalipokuja. Haki ilitendeka kwa uangalifu mkubwa: kila wilaya ilipata kiti kimoja. Bembea ilikatwa, kamba zikaenda kaskazini, kikalio kikaenda kusini, na nguzo wakapewa watu wa milimani kwa kuwa wao wamezoea vitu vya juu. Vibweta vya herufi viligawanywa kwa usawa, na wilaya iliyopata herufi X iliandamana kupinga, ikabadilishiwa ikapewa M. Huko vilikofika, vitu hivyo vilipokelewa kwa ngoma na kukatiwa utepe. Mkuu mmoja wa wilaya alilia alipokabidhiwa kikombe.

Mpango wote huo wa kugawa ulihitaji saini ya Mkurugenzi wa Ufikiaji, na Nasibu, kwa mazoea ya mkono, alikuwa ameutia saini asubuhi. Alipoteremka alimkuta Tumu amekishikilia kiti cha njano kwa mikono miwili. Upande wa pili mpagazi alikuwa akikivuta polepole, amejaa haya.

"Baba, mwambie!"

"Ndugu yangu, kiache," alisema Nasibu.

"Kinakwenda mpakani, mzee," alijibu mpagazi. "Umeandika mwenyewe." Akamwonyesha.

Nasibu akaiona saini yake, nzuri, imepinda vizuri mwishoni. Akapiga magoti, akaifungua mikono ya mwanawe kidole kimoja kimoja, na Tumu hakulia. Alimtazama tu baba yake, jinsi watu wazima wasiojuana wanavyotazamana benki. Kilio kingekuwa nafuu.

Nasibu hakuwa shujaa. Alipanda ofisini akaandika barua ya kujiuzulu, ikatoka nzuri sana, akaisoma tena, akaona ameanza kutafuta neno bora kuliko "nasikitika". Akaichana. Akavua tai, akateremka kwa ngazi, akamkuta Bi Chausiku anawahesabu watoto waliobaki wamekaa sakafuni.

"Nyumbani kwangu kuna ua," alimwambia. "Mlingoti sina."

"Na stashahada mie sina," alisema Bi Chausiku, akajitwika sufuria. "Twende."

Walipita mjini msafara mzima, kila mtoto kashika upindo wa nguo ya mwenzake, Koplo Mashaka akiwasimamishia magari mpaka mwisho wa barabara yake. Hidaya aliporudi kutoka zamu alikuta nyumba yake imejaa. Alitupa mkoba mlangoni, akauliza, "Nani hajala?"

Mkurugenzi mpya, aliyekuwa msaidizi wa Nasibu, alileta rangi kabla ya juma kwisha. X ikapigwa langoni. Bi Chausiku akawachukua watoto akahamia nyumba ya pili, kwa fundi cherehani. Ikapigwa X. Akahamia kwa muuza samaki. Ikapigwa X. Kwa kuwa kila kopo jipya la rangi lilihitaji idhini ya ghorofa zote, chekechea ilipata nafasi ya kupumua kila ilipotua, na Nasibu, ambaye sasa kazi yake ilikuwa kubeba mikeka, alijua ratiba ya idhini kuliko mtu yeyote. Walihama mtaa hadi mtaa. Miji mingine ikasikia, ikaanza yake, na Vikosi vya Rangi navyo vikaanza yao.

Watu wakaizoea ile X. Ilikuwa dalili kwamba hapa watoto walikunywa uji. Nyumba zisizokuwa nayo zilianza kujisikia vibaya, na kina mama waligombea zamu hata wawili wakanuniana. Huko wizarani Mkurugenzi mpya alizihesabu X zake, akaona kila X ni ushahidi kwamba chekechea ilikuwepo mahali hapo, akaziweka kwenye taarifa. Ufikiaji ukapanda tena. Safari hii, kwa bahati mbaya, ulikuwa wa kweli.

Kwa kuhama huko wakafika mtaa wa mawaziri, wenye miti iliyonyolewa na mbwa wenye vyeo. Nasibu alisita kubisha. Lango kubwa kuliko yote likafunguliwa kabla hajaligusa, akatoka mama mnene, mkono mmoja kiunoni, mwingine umembeba mtoto anayepiga mateke. Alikuwa Bi Mwanaheri, mke wa Mheshimiwa Tambuu.

"Ndio nyie wa uji?" aliuliza.

"Ndio sisi, Bibi."

"Nimewangoja sana. Mjukuu wangu huyu, mama yake yuko masomoni, yaya kakimbia, na mgongo wangu ndio huu umekwisha. Ingieni."

"Mheshimiwa je?"

"Yuko ziarani, anahutubia. Ingieni bwana, jua kali."

Kikosi cha Rangi kilifika siku ya tatu. Mkuu wake alilitazama lango lenye nembo ya taifa, akaitazama brashi, akalitazama tena lango. Akasema anakwenda kuulizia. Hajarudi.

Mheshimiwa Tambuu alirudi bila taarifa mchana mmoja, king'ora mbele, nyuma walinzi, wasaidizi na waandishi wa habari aliowaahidi maneno machache kuhusu mafanikio ya ufikiaji. Aliingia sebuleni kwake akiwa ameshaanza, "Ndugu wananchi..."

Mapazia yalikuwa yamefungwa. Juu ya zulia, kutoka ukuta hadi ukuta, walikuwa wamelala watoto, wengine wamekumbatiana, wengine miguu juu ya wenzao, na kwenye kochi walilokuwa wakikalia mabalozi, mjukuu wake, kinywa wazi. Kulisikika pumzi tu. Kando ya mlango Nasibu alikuwa amepiga magoti na tambara, anafuta uji. Aliinua kichwa, akamwona waziri wake, akajua ya kwake yamekwisha, akaendelea kufuta kwa sababu uji ukikauka hautoki.

Bi Chausiku hakuinuka. Aliweka kidole mdomoni.

Waziri akafungua kinywa. Kidole hakikutoka. Akafunga kinywa. Akainua mguu aende chumbani kwake, akatafuta pa kuuweka, hapakuwa na mahali, akaurudisha. Akavua viatu. Walinzi nyuma yake wakavua. Waandishi wakavua. Akaanza kupita kwa vidole, kitambi amekishika kwa mkono mmoja kisigonge mtu, na alipofika katikati ya sebule Tumu akageuka usingizini, akaushika mguu wa suruali yake, akaukumbatia.

Mheshimiwa Tambuu aliuvuta kidogo. Tumu akakunja uso. Mheshimiwa akaacha. Akatazama huku na huku kama mtu anayetafuta kipaza sauti, kisha taratibu sana, goti la kwanza, goti la pili, akaketi sakafuni. Waandishi walikuwa mlangoni na kalamu zao, wanangoja.

"Wanaamka saa ngapi?" alinong'ona.

"Wakitosheka," alinong'ona Bi Chausiku, akamsukumia mto.